Sindano ya miezi mitatu imepitiliza: nani anahitaji P2, nani hahitaji?

DukaLaDawa_Makorora

Assalaam alaykum wanajamvi. Nahudumu duka la dawa muhimu hapa Makorora, Tanga. Leo Jumatatu, tarehe 4 Mei, wamekuja akina dada wawili na kadi zao za uzazi wa mpango. Wote wamepitisha tarehe ya sindano na wote wanataka P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba baada ya tendo.

Wa kwanza alichomwa 12 Januari. Wa pili alichomwa 1 Desemba, na amekutana na mumewe mara kadhaa tangu Aprili, mara ya mwisho juzi Jumamosi usiku. Hakuna aliyetumia kondomu. Watarudi kwangu leo usiku. Nimwambie nini kila mmoja?

Huyo wa kwanza ana swali jingine. Tangu mwaka jana haoni siku zake, na nyumbani anaambiwa damu imeganda tumboni, atafute dawa ya kuisukuma itoke. Naomba majibu ya kitaalamu, si ya kukisia.

Nesi_Pangani

Waalaykumu salaam. Kwanza hesabu kwa wiki, achana na miezi. Sindano hii ya Depo, miligramu 150, hurudiwa kila wiki 13, yaani siku 91. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamruhusu aliyechelewa hadi wiki 4 achomwe bila kupimwa mimba na bila kinga ya ziada, kwa kuwa dawa haikatiki ghafla siku ya 91. Inapungua taratibu mwilini.

Sasa kadi zako. Wa kwanza: 12 Januari ongeza siku 91, unapata 13 Aprili. Ongeza wiki 4, unapata 11 Mei. Leo tarehe 4 bado yumo. P2 haimhusu, usimuuzie. Kesho asubuhi aende kliniki na kadi yake, achomwe, basi. Kwenye vituo vya serikali huduma hiyo hailipiwi.

Wa pili: tarehe yake ilikuwa 2 Machi, na nafasi ya kuchelewa iliisha 30 Machi. Huyu ana zaidi ya mwezi hana kinga. P2 mpe, lakini itashughulikia Jumamosi tu, ya Aprili haiyafikii. Kwa hiyo apime mkojo kesho asubuhi. Ikitoka mistari miwili, aanze kliniki ya wajawazito. Ukitoka mmoja, tafadhali usimwambie "uko salama", maana mimba ya siku chache haionekani. Ahesabu siku 21 tangu tendo la mwisho bila kinga, kwake ni 23 Mei, apime tena. Hadi siku hiyo ni kondomu kila mara. Kipimo kikiwa hasi, achomwe siku hiyohiyo na aendelee na kondomu siku 7.

Mfamasia_Chumbageni

Naongeza upande wa P2, maana hapo ndipo madukani tunapokosea. Dozi kamili ni miligramu 1.5 za levonogestreli. Pakiti yenye kidonge kimoja, ameze kimoja. Yenye viwili vya 0.75, ameze vyote kwa mpigo. Ile habari ya kungoja saa 12 katikati imeshaachwa, na wengi walikuwa wakisahau cha pili.

Mwisho wake ni saa 120, siku tano, lakini kadiri muda unavyokwenda ndivyo inavyopungua nguvu, ndiyo maana pakiti inasema 72. Tangu Jumamosi usiku zimeshakaribia saa 48. Asiende nayo nyumbani, mpe maji amezee hapohapo. Akitapika kabla saa 2 hazijapita, arudie dozi nzima.

Muulize pia kama anatumia dawa ya TB yenye rifampisini, ya kifafa kama karbamazepini, au ARV yenye efavirenzi. Hizo zinalifanya ini liimalize P2 haraka, hivyo dozi inakuwa maradufu, miligramu 3.

Na akiuliza kama inatoa mimba, jibu ni hapana. Inachelewesha yai kutoka. Yai likishatoka haina la kufanya, na mimba iliyokwishatunga haitoki wala haidhuriki. Haizuii VVU wala kisonono. Mwenye wasiwasi wa VVU aanze PEP, dawa za kukinga VVU baada ya tendo la hatari, ndani ya saa 72, ameze siku 28.

Mkunga_Muheza

La damu lisipite juujuu. Hofu hiyo inawafanya wengi waache njia kimyakimya, kisha wanashika mimba wasizozipanga.

Damu ya hedhi ni utando uliojengeka ndani ya mji wa mimba. Mimba isipotunga, utando unabomoka na kutoka. Sindano inauacha mwembamba, haujengeki. Ukuta ambao haukukandikwa udongo, udongo utabanduka wapi? Hakuna damu iliyokaa mahali ikingoja kutoka. Mwambie hivyo mkono wake ukiwa chini ya kitovu, apapase: pamelainika, hapana bonge. Wanaotumia mwaka mzima, karibu nusu hawaoni siku zao. Dawa ya kusukuma itamwumiza tumbo na kumharisha bure.

Cha kumkimbiza kituoni ni kutoka damu nyingi mara mbili ya kawaida yake au kupita siku 8, au maumivu makali chini ya tumbo.

Akitaka mtoto, aijue hesabu mapema: tangu sindano ya mwisho, mimba huchukua wastani wa miezi 10 kushika. Si ugumba, ni dawa inaisha polepole. Anayetaka kubeba mimba karibuni, kitanzi au kijiti kinamfaa zaidi, kikitolewa uzazi unarudi bila kungoja.

DukaLaDawa_Makorora

Allah awalipe. Bado moja: wapo wanaosema walishika mimba na kadi haina tarehe iliyorukwa. Inakuwaje?

Nesi_Pangani

Tazama chupa yenyewe, ya mililita 1. Ikikaa, dawa inazama chini na juu yanabaki maji. Unaitikisa mpaka yote yawe meupe kama tui, unaigeuza uone kitako hakina kilichoganda, ndipo unavuta yote. Asiyetikisa amechoma maji. Mteja naye akifika nyumbani akalichua bega au kulikanda kwa kitambaa cha moto, dawa inanyonywa haraka na kuisha mapema. Hayo mawili wambie kila mara, hata aliyechomwa mara kumi.

Wapo pia wanaoacha mwezi wa Ramadhani kwa kuogopa kuchomwa mchana wa mfungo, kisha wanaahirisha mpaka baada ya Idi. Wawahi, sindano inaruhusiwa hadi wiki 2 kabla ya tarehe.

Na kwenye kadi ziandikwe tarehe mbili, ya kurudi na ya mwisho kabisa. Dada wako wa kwanza akichomwa kesho, 5 Mei, mwandikie 4 Agosti, na chini yake 1 Septemba kwa wino mwekundu.