Tupeane uzoefu: tuliowahi kuimba sauti nne bila vyombo, hasa hizi kwaya za "vinyozi" za ughaibuni

tenor_wa_Moshi:

Wakuu salaam. Nyuzi nyingi za maisha ya nje ni kulia baridi na bili tu, leo nataka tuongelee kuimba. Mi niko Ohio, nimekulia kwaya ya KKKT Moshi, tenor toka sauti ivunjike. Huku kuna mzee tunafanya naye kazi ghala moja akanialika, ati Jumanne usiku njoo uimbe na sisi, sisi ni kwaya ya barbashopu, yani saluni ya kunyoa. Nikamuuliza saluni na kwaya wapi na wapi, akacheka akasema we njoo tu.

Ukumbi wa chini ya kanisa, wazee wengi na vijana wachache wamepanda kwenye yale majukwaa ya ngazi, hakuna kinanda hakuna gitaa hakuna ngoma. Mwalimu anatoa sauti kwa kifilimbi cha duara kinachoenea kiganjani, wote wanaguna mmmm, halafu wanaingia. Aisee nywele zilisimama.

Kwa wasioijua, sauti ni nne lakini hazijapangwa kama zetu. Juu kabisa kuna tenor, na tenor yao sio tenor yetu, ni sauti nyepesi ya kubana inayopita juu ya wimbo bila kuufunika. Wimbo wenyewe uko sauti ya pili kutoka juu, wanaiita lidi. Besi chini kama kawaida, halafu kuna baritoni ambaye anapewa noti zilizobaki, mara juu ya lidi mara chini yake, ukimsikia peke yake unadhani kapotea njia. Sasa sie tuliozoea soprano kubeba wimbo na wengine kusindikiza, hapo ndo kuna kazi. Mi walinipanga lidi, na wiki za mwanzo sikio linautafuta wimbo kule juu wakati ninao mimi.

Na hawa jamaa wana ugonjwa wa hamoni moja, mliosoma solfa mtanielewa, do mi so ta, TA sio ti, yani ti iliyoshushwa nusu hatua. Hiyo wanaipita kila baada ya hatua mbili tatu, na wanaipanga kwa sikio mpaka inyooke kabisa kuliko hata kinanda kinavyoweza. Ikinyooka, na wote mna irabu moja mdomoni, unasikia sauti ya tano juu ambayo hakuna mtu anaiimba. Sio uchawi, ni sauti ndogondogo zilizo ndani ya kila noti zinakutana na kuongezeana nguvu. Ndo maana mwalimu anaweza kukaa robo saa kwenye neno moja, ukiwa unaimba "taimu" unakaa kwenye a mpaka mwisho, huo mkia wa i unauweka wakati mnakata.

Karibuni, nani mwingine kapita huku au kapita kwenye kwateti za nyumbani?

besi_la_Mara:

Mkuu umenigusa. Sisi Wasabato hii kitu tumeimba toka utoto, tulikuwa tunaiita kwateti tu basi. Kwetu Tarime kila kanisa lina wanaume wanne ambao hawaachani, wakigombana kanisa zima linajua maana Sabato hiyo hakuna wimbo maalumu. Baba yangu mdogo alikuwa na kanda za King's Heralds, wale wanne wa kipindi cha redio cha Voice of Prophecy cha Marekani, wakakariri kila kitu, kiingereza hawakijui lakini wimbo unatoka vilevile hadi pumzi wanavuta pale walipovuta wazungu. Halafu ndo wanaweka maneno ya Kiswahili.

Shule yangu ya muziki ilikuwa makambi. Mnakaa wiki nzima kwenye mahema, kila kanisa lina kwateti yake, usiku baada ya mahubiri vijana mnajikusanya nyuma ya jiko, mmoja anaanzisha, wa pili anadaka, wa tatu anadaka, wa nne akikosa sauti anasukumwa pembeni anaingia mwingine. Hakuna nota wala solfa, ni masikio. Tofauti na mkuu hapo juu, sisi wimbo mara nyingi uko juu, na ile TA yako sisi tunaichomeka tu mwishoni kuleta utamu, tukiiweka sana wazee wa kanisa wanasema mmeanza kuimba kidunia.

Chuma_cha_pua:

Si ndo wale wanavaa makoti ya mistari na kofia za mabua wanaimbia watu kwenye sinema za zamani? Mtu mzima na akili zako

tenor_wa_Moshi:

@Chuma_cha_pua hizo zipo kwa kuchekeshea watu tu, sisi tuna shati jeusi na tai. Ila kofia kuna wazee wanazo kabatini, wanasubiri sababu.

mjukuu_wa_Ujiji:

Niko Oklahoma, jimbo ambalo chama chenyewe cha waimbaji wa barbashopu kilizaliwa, kwa hiyo naomba nijazie historia maana picha ya hao wazee wa makoti ya mistari imeficha mengi.

Aprili 1938, Tulsa, mwanasheria wa kodi anaitwa Owen Cash na mwenzie Rupert Hall waliitisha watu juu ya paa la Tulsa Club waimbe zile nyimbo za ujana wao, wakaja wanaume 26. Jina la chama wakalifanya refu makusudi kuitania serikali ya rais Roosevelt na mashirika yake ya vifupisho, SPEBSQSA, yani chama cha kuhifadhi na kuhimiza uimbaji wa kwateti za barbashopu Marekani, hata kulitamka ni adhabu. Sa hivi kinaitwa Barbershop Harmony Society na makao yako Nashville.

Sasa sikilizeni. Muziki wenyewe hawakuuanzisha hao. Vijana weusi wa kusini mwa Marekani walikuwa wanaimba sauti nne kwenye kona za mitaa na kwenye saluni za kunyoa toka karne ya 19, saluni ndo ilikuwa kijiwe. Louis Armstrong kabla hajajulikana kwa tarumbeta alikuwa mtoto anayeimba kwenye kwateti ya mtaani New Orleans wakiokota senti. Halafu mwaka 1941 kwateti ya weusi, Grand Central Red Caps, wale wapagazi wa stesheni ya treni, ikashinda New York na ilitakiwa iende fainali za taifa St. Louis, chama kikawakatalia kwa sababu ya rangi. Al Smith aliyekuwa gavana wa New York na Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji hilo, wakajiuzulu chama kwa hasira. Mlango haukufunguliwa kwa weusi mpaka 1963. Yani wenye mali wamefungiwa nje ya nyumba waliyoijenga, miaka zaidi ya 20.

Sisemi msiimbe. Mi naimba baritoni na nawapenda wenzangu. Lakini kwaya yetu tukiwa tunaelezea wageni historia kwenye shoo, nilidai hicho kipande cha 1941 kisemwe, na sasa kinasemwa. Mzee mmoja alinuna kidogo, ila msimu uliofuata ndo aliomba akisome yeye.

Nyoka_wa_Kibisa:

dah hii sikuijua kabisa. na wanawake je?

MamaPacha_Leeds:

Wanawake nao walikuwa na chama chao, Sweet Adelines, kimeanzia hapohapo Tulsa mwaka 1945, nacho kikaweka sharti la weupe tu, baadhi ya wanawake wakakataa wakatoka wakaanzisha Harmony, Inc. mwaka 1959. Hicho cha wanaume kimeruhusu wanawake kuwa wanachama kamili 2018 juzijuzi tu.

Mi niko Uingereza, huku wanawake wana LABBS, chama chao cha barbashopu, toka 1976. Nimetokea Tanga, nyumbani nilikuwa sijaimba kwaya yoyote zaidi ya kwenye harusi, nyie mnajua vile tunavyoimba kwenye kuingiza biharusi. Jirani yangu ndo alinivuta baada ya kunisikia naanika nguo huku naimba. Wakanipima sauti wakaniambia wewe ni besi. Besi! Mama wa mapacha! Kumbe kwenye kwaya zao za wanawake majina ni yaleyale tenor lidi baritoni besi, ila zote ni koo za kike, na besi wanazitafuta kama dhahabu. Toka siku hiyo mume wangu ananiita Besi nyumbani.

Nota sisomi mpaka leo. Wanakutumia odio, sikio la kushoto sauti yako peke yake kwa nguvu, la kulia zile tatu nyingine, ukishajua unalitoa la kushoto unaimba na wale watatu. Nafanya kwenye basi asubuhi, kwa kuguna, abiria wameshazoea.

Kitu kilichonishangaza ni mashindano. Miezi na miezi kwa ajili ya nyimbo mbili, ndo zinazopimwa, hamna zaidi. Majaji wanaangalia vitu vitatu, muziki, uimbaji na uigizaji wa jukwaani. Huo wa tatu ndo ulinitesa, mi uso wangu ni wa msiba hata nikifurahi. Mwalimu ananipitia mbele ananyooshea nyusi zake. Na vipodozi sasa, rangi ya mdomo moja kwa kwaya nzima, imechaguliwa na watu wenye ngozi nyingine kabisa, mwaka wa kwanza nilitokea kama nimekula zambarau. Tukaongea vizuri tu na kamati, siku hizi wasichana weusi tuna rangi yetu iliyo karibu nayo.

Otieno_wa_Dallas:

Hehe @MamaPacha_Leeds pole sana mama. Mimi niko Texas, kitu yetu kubwa ni Valentine. Februari 14 kwaya inagawanywa kwateti, mnazunguka mji mzima na suti na maua, mtu amelipia mpenzi wake aimbiwe wimbo mbili kazini, hiyo pesa ndio inalipa ukumbi karibu mwaka wote. Tumeimba benki, tumeimba shule mwalimu akilia mbele ya darasa. Lakini ile sitasahau ni gereji. Mama amelipia bwanake mekanika, tukaingia na waridi, jamaa akasikia jina lake akatuona akarudi chini ya gari. Kabisa. Miguu tu ndio inaonekana. Wenzake wanapiga makofi wanasema mwimbieni tu. Sasa tulikuwa na ratiba, tukapanga mstari tukaimbia hiyo miguu wimbo zote mbili, na kwa ile noti ya mwisho ukaona buti moja inapiga mdundo. Bibi yake alitumiwa video.

besi_la_Mara:

😂😂😂 tukaimbia miguu

Chuma_cha_pua:

Hii ya miguu nimeisoma mara mbili. Endeleeni

Zainabu_Muscat:

Samahani naomba kuuliza, mimi Muislamu, hizi si za kanisani? Na je lazima ulipe?

tenor_wa_Moshi:

@Zainabu_Muscat dada ukumbi ni wa kanisa kwa sababu ndo wa bei rahisi, nyimbo zenyewe nyingi za kidunia, mapenzi, mama, mtaa wa utotoni, treni imeondoka na mpenzi. Desemba wanaweka za Krismasi, kwetu kuna Myahudi mmoja na hizo nyingine anakaa pembeni hakuna anayemsumbua. Ada ipo, ya chama na ya kwaya, ukiwa na hali ngumu unaongea na mweka hazina kimyakimya. Na usiogope kuanza, wana usiku wa wageni, unasimama katikati ya watu wa sauti yako, mmoja kushoto mmoja kulia wanakuimbia sikioni.

Mi kinachonirudisha kila Jumanne ni baada ya mazoezi. Tunaenda kunywa kahawa au bia, basi kwenye maegesho tu wanne wanasimama wanaanza kufundishana miisho ya nyimbo, sio wimbo mzima, ule mwisho tu wenye hamoni nzito, wanaita tegi. Mtu usiyemjua jina anakufundisha mstari wako kwa kukuimbia, dakika tano mko ndani. Nilienda mkutano wa jimbo zima nikakuta korido ya hoteli imejaa watu wanafanya hivyo mpaka saa nane usiku. Miaka yangu ya mwanzo huku wikiendi zilikuwa zinapita bila kuongea na mtu isipokuwa simu ya nyumbani.

nesi_wa_Seattle:

Korona ilitupiga sisi watu wa kwaya kuliko wengine. Machi 2020 kule Skagit, jimbo letu hili la Washington, kwaya ya jamii (sio ya barbashopu) walifanya mazoezi jioni moja watu 61, wakaugua 53, wawili wakafariki. Kutoka hapo kila kwaya ikafungwa. Sisi tuliimba kwenye magari, kila mtu gari lake, maiki mkononi, mchanganyiko unatoka kwenye redio ya gari. Ujinga mtupu ukiangalia kwa nje lakini niliposikia besi ikiingia kwenye spika ya mlango nililia.

Kinanda_Mbagala:

Nimefuatilia kimya toka juu. Sisi tuko Dar hapa, watatu, wawili tumetoka kwaya ya Kisabato na mmoja Mkatoliki, tumeanza kujaribu hii staili kwa kuangalia video. Ushauri jamani, tunaanza na nini?

mjukuu_wa_Ujiji:

Lidi kwanza. Mwenye sauti ya kusimulia, sio lazima iwe nzuri sana, mtu ambaye akiimba unaelewa maneno. Halafu besi na lidi waimbe wawili peke yao mpaka inyooke, ndo mlete wengine. Mkianza wanne kwa pamoja kila mtu anajificha kwa mwenzie.

besi_la_Mara:

Na msichukue nyimbo za kiingereza moja kwa moja. Chukueni wimbo wa Kiswahili mnaoujua wote, irabu zetu ziko wazi kabisa, zinakaa vizuri mdomoni. Besi mkikosa nitakuja likizo Desemba.

Kinanda_Mbagala:

Mkuu besi tunao wawili hapa wanagombania nafasi, na lidi nadhani ni yule Mkatoliki. Anayekosekana ni huyo wa juu, kila tukimuuliza mtu anasema hawezi kuimba sauti ya kike watu wamcheke. Kama kuna mtu wa Mbagala, Temeke mpaka Kigamboni anaweza kubana bila aibu anicheki inbox, mazoezi Jumapili saa kumi jioni.