Msaada: herufi kubwa kwenye vivumishi vya Kiingereza, kipeperushi kinaenda kuprintiwa

Binti_Mitwero:
Wakuu habari za jioni, naomba mnisaidie kabla sijaharibu hela ya watu. Shangazi ana nyumba ya wageni hapa Lindi mjini, wazungu wanapitapita wakielekea Kilwa au Mtwara, sasa kaniambia nimuandikie kipeperushi cha Kiingereza kuhusu Tendaguru kule alikochimbuliwa yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria. Nimeandika hivi: "Visit old big german trenches and see huge jurassic bones in southern Tanzania". Nimepeleka steshenari, kaka wa pale kaweka herufi kubwa kila mahali, Old Big German, Huge Jurassic, Southern, eti kivumishi kikikaa karibu na jina lazima kianze na kubwa. Nimegugo nakutana na common adjective na proper adjective, ndo nimezidi kuvurugwa. Zinatofautianaje, na kwangu ipi ni ipi??

Korosho_Ghafi:
Ngoja waje walimu. Mimi Kiingereza changu kinaishia kwenye fomu ya benki.

Ticha_wa_Newala:
Dada, huyo kaka aprinti tu, sarufi asiiguse. Kukaa karibu na jina hakuna kazi yoyote, kinachoangaliwa ni kivumishi kimezaliwa na nini. Kama kimetoka kwenye jina la pekee, la nchi, mtu, dini au mahali, hicho ndo proper adjective na kinarithi herufi kubwa ya mzazi wake. Germany imezaa German, Africa ikazaa African, Zanzibar ikazaa Zanzibari, malkia Victoria kaacha Victorian, Shakespeare kaacha Shakespearean. Sasa big, old na huge vimetoka kwa nani? Kwa hakuna mtu. Hizo ni common, herufi ndogo, labda zianze sentensi au ziwe kwenye kichwa cha habari (nadhani huyo kaka kazoea kutengeneza mabango).

Inayopoteza wengi hapo ni Jurassic. Watu wanaiona neno la sayansi tu wanaandika j ndogo, kumbe imetokana na milima ya Jura kule mpakani mwa Ufaransa na Uswisi ambako miamba ya umri huo ilisomwa mwanzo, kwa hiyo J kubwa. Southern ulipatia mwenyewe, ni upande tu, lakini South Africa ni jina la nchi hiyo ni habari nyingine.

Binti_Mitwero:
Asante sana mwalimu, walau napumua. Sasa "coastal food" na "swahili food"?

Ticha_wa_Newala:
Coastal ndogo, coast ni pwani yoyote ile hata ya huko Brazil. Swahili kubwa.

Mzee_wa_Nanyamba:
Ticha nami niulize hapo hapo. Kijana wangu anauza korosho za pakti, kaandika "Mtwara cashews", na vinyago kaandika "makonde carvings". Hiyo Mtwara nayo kivumishi?

Ticha_wa_Newala:
Shikamoo mzee. Mtwara pale ni jina limewekwa mbele ya jina lingine lifanye kazi ya kivumishi, halijabadilika umbo, wapo wanaoliita proper adjective wapo wanaokataa. Kwa kijana wako haina shida, M kubwa inabaki. Makonde ni jina la kabila, hiyo airekebishe.

Msomi_Ligula:
Ticha usimalize haraka hivyo, kanuni yako inavuja. Chukua pakiti ya maziwa dukani usome "pasteurised milk", p ndogo, na neno limetoka kwa Louis Pasteur mtu kabisa. Quixotic imetoka kwa Don Quixote, mhusika wa riwaya, nayo wanaandika ndogo. Neno likishatumika sana mpaka watu hawamkumbuki mwenye jina, herufi kubwa inaanguka, na french fries ndo usiseme, kamusi hii inaandika F kubwa, ile f ndogo. Ukiwa na wasiwasi fungua kamusi. Halafu dada, "old big" inasikika vibaya, Kiingereza kinaanza ukubwa kinafuata umri, asili ya kitu inakuja nyuma yake, "big old German trenches". Na hizi za asili hazilinganishwi kirahisi, unasema bigger, older, sasa "more German than" utaisikia kwa mtu anayetania.

Ticha_wa_Newala:
Ya pasteurised na french fries nimekubali. Ila kwa majina ya nchi, makabila na dini kanuni inashika, asiogopeshwe.

Mwana_Mchinga:
Mnabishana herufi wakati sentensi yenyewe inadanganya 😂 "See huge bones" atayaona wapi? Mifupa ilibebwa vichwani na watu wetu mpaka bandari ya Lindi ikapakiwa meli, mjusi kasimamishwa makumbusho ya Berlin mpaka leo. Mgeni atachomwa jua njia nzima akute pori, kesho anamwandikia shangazi yako nyota moja.

Binti_Mitwero:
Duh, kweli kabisa kaka, hilo hata steshenari hawakuliona. Basi naweka: "Visit Tendaguru, where a German expedition dug up huge Jurassic dinosaurs between 1909 and 1913." Ticha pitisha macho.

Ticha_wa_Newala:
Safi. Huge ndogo, German na Jurassic kubwa. Mwambie asiguse.

Korosho_Ghafi:
Chumba kwa shangazi bei gani, na feni zipo?