Raba za magongo zinaisha upesi

Mdau wa Mikindani: Wakuu, vijana wetu wanajinoa kwa soka la magongo, lile la waliokatwa kiungo, ndoto ni Tembo Warriors, timu ya taifa ya Tanzania, waliofika robo fainali ya Kombe la Dunia la soka hilo 2022 kule Uturuki. Raba za chini hazidumu. Tufanyeje?

Fundi, Lindi: Geuza gongo utazame. Duara la bomba likijichora kwenye raba, itoe kabla halijatoboa. Kung'uta mchanga ndani ndipo uvalishe mpya. Mchanga ndio unaosaga. Shikio liwe usawa wa kifundo cha mkono, kiwiko kikunjike kidogo, kama nyuzi 20.

Mdau wa Mikindani: Ahsante fundi.

Refa: Wazoeshe pia sheria: kuchezea mpira kwa gongo makusudi ni sawa na kuunawa. Na kipa, ambaye ni wa mkono mmoja, hatoki kwenye boksi.