Bajaji inanyanyua tairi kwenye ndoo ya tatu, nakosea wapi?

Deiwaka wa Rangi Tatu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni deiwaka, naendesha bajaji ya bosi kwa kutwa, kijiwe changu kipo Mbagala. Jumapili asubuhi tunajikusanya madereva saba, tunapitia Kongowe hadi Kigamboni, kuna jamaa ana kiwanja cha kifusi hajakijenga. Tunapanga ndoo saba za rangi za lita 20, kila moja ina mchanga nusu, hatua kumi na mbili kati ya ndoo na ndoo. Unazipita kwa zigizaga, unazunguka ya mwisho, unarudi. Mmoja mmoja, abiria hakuna, helmeti lazima, simu inahesabu. Ukigusa ndoo unaongezewa sekunde 2, hiyo tumeiga kwa Wamarekani wanaoshindana kwenye koni.

Muda wangu mzuri ni sekunde 41. Kuna mzee wetu ana bajaji chakavu, turubai lenyewe limeshonwa kwa kamba ya katani, anapiga 38 bila kutokwa jasho. Mimi nikifika ndoo ya tatu, kona ya kushoto, tairi la nyuma kushoto linapanda, injini inapiga kelele na chombo hakiendi. Wiki iliyopita kililala kabisa. Mimi mzima, kioo cha mbele hapana, na bosi bado hajui. Ni upepo wa matairi? Shokapu? Au ni mimi?

Mpiga Debe Mstaafu
Hesabu ya bosi umepeleka lakini?

Fundi wa Temeke
Ni wewe, mdogo wangu. Chukua kijiti, chora kwenye mchanga: nukta moja mbele, mbili nyuma, ziunganishe. Bajaji inasimama wima mradi uzito wake unaangukia ndani ya hiyo pembetatu. Huko nyuma nafasi ni pana. Kadiri unavyosogea mbele inabana, mwisho unabaki na upana wa tairi moja.

Sasa wewe naamini unakanyaga breki wakati mkono umeshakata kona. Breki inausukuma uzito mbele, kona inausukuma pembeni, vyote kwa mpigo, tena kuelekea palepale pembetatu ilipobana. Juu ya hapo uko peke yako, umekaa mbele, na siti ya nyuma ambayo chombo kilitengenezewa ni tupu.

Breki zimalizie kabla ya ndoo, achia, ndipo ukate. Tairi likipanda, usiongeze moto. Difu ya bajaji, ile inayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya nyuma, haina loki ya kuyalazimisha yazunguke pamoja, nguvu yote inakimbilia tairi lililo hewani, ndiyo hiyo kelele unayoisikia. Legeza mkono kidogo litashuka lenyewe. Ukiogopa ukakanyaga breki hapo, unalala tena.

Mchanga kidogo sakafuni kwa nyuma unasaidia. Sakafuni, nasema. Usiweke juu ya siti.

Shemeji wa Coventry
Fundi kamaliza, naongeza moja tu. Huku Uingereza walikuwa na gari la Reliant Robin la mwaka 1973, tairi moja mbele kama bajaji, na ugonjwa ni huohuo. Kampuni ya Morgan, ya hukuhuku, kwenye gari lao la matairi matatu waliweka mawili mbele na moja nyuma, na Polaris Slingshot ya Wamarekani ni hivyohivyo. Ukifunga breki kwenye kona, uzito unaenda upande wenye miguu miwili, kwa hiyo chombo hakilali kirahisi. Shida yake ni kwamba tairi moja la nyuma ndilo linasukuma, ukizidisha moto kitako kinakutangulia. Ningechagua hiyo. Ukiserereka unarekebisha mwenyewe, ukilala unasubiri watu waje kukunyanyua.

Deiwaka wa Rangi Tatu
Nimerudi. Mpiga Debe, hesabu imekwenda, na kioo nimeweka kingine kwa hela yangu mwenyewe, tuyaache hayo.

Jana nilifunga breki mapema kama fundi alivyosema. Tairi halikupanda hata mara moja, 40. Nikapata tamaa, nikalaza mfuko wa mchanga wa kilo 25 chini ya miguu ya abiria. Chombo kimetulia kama kimechimbiwa, ila mbele kumekuwa kwepesi. Nakata mkono, lile tairi la mbele linaserereka moja kwa moja kwenye kifusi kama halijaambiwa. Saa ilisoma 39, ndoo mbili chini, jumla 43. Nimemwaga nusu, Jumapili ijayo nitajaribu tena.

Lakini kubwa nimeliona kwa mzee. Nilisimama karibu na ndoo ya tatu kumtazama yeye tu. Nusu hatua kabla ya kukata, anahama kwenye siti, tako moja linabaki nje upande wa ndani wa kona, goti limekandamiza bodi, mkono hautikisiki. Nikamuuliza, shikamoo mzee, hayo nani kakufundisha? Akasema zamani alikuwa anabeba magunia ya mkaa kwa guta la matairi matatu.

Fundi wa Temeke
Huyo mwachie, hutamkamata mwaka huu.