Tuliongoza bao moja, kocha akapaki basi (wote nyuma kukaba) nusu saa nzima, tukatoka. Kosa la nani?

Beki_wa_Bega
Wakuu habari za jioni, naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo nikirukaruka mnisamehe. Jana tulikuwa na robo fainali ya ndondo (mashindano ya mtaani) huku kwetu Mwanza, timu sitaji, anayejua anajua. Mtoano, ukifungwa unakunja jezi unarudi kwenu. Dakika ya 19 tukapata kona, mimi beki namba nne nikapanda, mpira ukanigonga begani ukaingia, sitaki kudanganya eti nilipiga kichwa. Moja bila. Mpaka mapumziko tunawakimbiza tu, wingi wetu wa kulia anamtesa fulbeki wao hadi watu waliokaa juu ya mawe wanasimama.

Kipindi cha pili, dakika ya 55 hivi, kocha anamtoa namba tisa, mshambuliaji wetu, anaingiza beki wa tano. Hatujakaa sawa anamtoa na yule wingi, anaingia namba sita (kiungo mkabaji) mwingine. Mbele kabaki dogo mmoja mfupi kuliko wote uwanjani, yuko peke yake na mabeki wawili wanamwangalia kama wanamwonea huruma. Kuanzia hapo nikibutua mpira unarudi, nikibutua unarudi, sijavuta pumzi unarudi tena. Dakika ya 78 kona, tukauokoa vibaya, mpira wa pili ukamkuta mtu yuko huru nje ya boksi, bao. Dakika ya 88 mwenzangu kanawa ndani ya boksi, penalti, kwisha habari.

Kocha kwenye kikao anasema mabeki tulikosa umakini. Ukishambuliwa dakika 35 mfululizo huo umakini unautolea wapi? Swali langu ni hilo, kosa letu au kosa la kupaki basi mapema?

Mzee_wa_Vumbi
Pole mkuu. Stori yako nimeshaiona kwenye televisheni. Julai 2021 fainali ya Euro pale Wembley, England na Italia, tulijaa kibanda umiza hapa Buzuruga saa nne usiku mpaka wengine wamening'inia dirishani. Luke Shaw anafunga dakika ya 2 tu, watu hata soda hawajafungua. Baada ya hapo England wakaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, beki tano zikajipanga kwenye boksi, Mancini kocha wa Italia akaliona hilo mapema dakika ya 55 akamtoa Immobile, mshambuliaji wake wa kati, Insigne akawa anacheza katikati bila namba tisa halisi, mabeki watatu wa kati wa England wakawa hawana wa kumkaba. Bonucci akasawazisha dakika ya 67. Southgate kocha wa England alimwingiza Saka baada ya bao kurudi, Grealish akasubiri mpaka muda wa nyongeza, na Rashford na Sancho akawaingiza dakika ya 120 kwa ajili ya matuta (penalti za kuamua mshindi) tu, miguu baridi kabisa, wakakosa wote wawili, na Saka akakosa la mwisho. 3-2.

Na hawakuwa wageni wa hilo. Urusi 2018 nusu fainali na Croatia, Trippier kafunga dakika ya 5, Perisic akarudisha ya 68, Mandzukic akamaliza ya 109. Kwa hiyo kocha wako ana wenzake wakubwa wanaolipwa vizuri.

Sangara_Mbichi
Beki unafunga kwa bega halafu unamlaumu kocha 😂😂 hilo bao lenyewe lilikuwa la kuokota

Kipa_Mstaafu
Mimi napingana na nyie kidogo. Nimesimama golini miaka kumi na mbili kwenye viwanja vya vumbi na nawaambia kupaki basi siyo dhambi. Aprili 2010 Inter ya Mourinho walienda Camp Nou, Motta kala nyekundu dakika ya 28, wakabaki kumi dhidi ya Barcelona ile ya Messi na Xavi. Walifungwa 1-0 na wakapita kwa jumla ya 3-2, Eto'o mshambuliaji mzima alikuwa anakaba kama fulbeki! Ugiriki 2004 walichukua Euro kwa kukaba na kichwa kimoja cha Charisteas kwenye fainali. Hao hakuna aliyewacheka.

Sasa tofauti iko wapi? Inter waliingia na mtaji wa 3-1 wa mechi ya kwanza, na kila mtu alijua anamkaba nani na anasimama wapi. Nyie mlikuwa na bao moja la begani (samahani). Halafu lile la kumtoa namba tisa ndilo linaniuma zaidi, maana kipa nikishadaka lazima nione mtu mbele wa kuushika mpira hata sekunde tano, mabeki wapumue, watoke kwenye boksi. Kama hayupo napiga kwa nani? Nawapigia wao. Niambie kitu kimoja, hizo beki tano mliwahi kuzifanyia mazoezi?

Beki_wa_Bega
@Kipa_Mstaafu hata siku moja mkuu. Tunafanya mazoezi Jumanne na Alhamisi, tunakimbia, tunacheza nusu kiwanja, tunaenda nyumbani. Yule beki wa tano alipoingia aliniuliza "nakaa kushoto kwako au kulia?" nikamwambia kaa popote.

Kipa_Mstaafu
Basi hapo kesi imeisha 🙌🏾

Mwana_Igoma
Mnaenda mbali wote, Taifa Stars mmewasahau? Afcon kule Ivory Coast, Januari 2024, na Zambia. Msuva kafunga dakika ya 11, Zambia wakapata nyekundu dakika ya 44, sisi kumi na moja wao kumi, tunatafuta ushindi wetu wa kwanza kabisa kwenye Afcon. Tukawa tunaangalia saa badala ya kutafuta la pili. Dakika ya 88 Daka wa Zambia huyo, 1-1. Najua ile ilikuwa makundi siyo mtoano ila maumivu ni yale yale, mke wangu aliniuliza kama kuna msiba.

Mayu_wa_Mwaloni
Wanangu mimi mpira siujui sana, naujua upepo. Nauza dagaa hapa sokoni Mwaloni mwaka wa ishirini huu na mechi hiyo nadhani niliipita nikitoka kazini kama ni kile kiwanja cha huku upande wa Kirumba. Kipindi cha pili mlikuwa mnapiga kuelekea ziwani, au siyo? Jioni upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, turubai zetu tunazifunga mawe kwa ajili hiyo hiyo. Mpira ukiupiga juu kuelekea ziwani unaganda hewani halafu unakurudia. Nilimwona mmoja kabutua mpira ukaenda hatua chache ukatua nyuma yake, nikacheka, kumbe ndo wewe baba.

Kipa_Mstaafu
Wabeja mayu (asante mama)!! Hii ndiyo ilikuwa inakosekana. Tena jua la jioni liko huko huko ziwani, kwa hiyo kipa wenu kipindi cha pili alikuwa na jua machoni, upepo usoni, na mbele yake wachezaji ishirini kwenye boksi moja. Kocha aliamua kukaba kipindi ambacho mpira hauwezi kuondoka. Angepaki kipindi cha kwanza ningemwelewa, cha pili mlitakiwa mcheze chini chini, pasi fupi, na yule wingi abaki.

Mzee_wa_Vumbi
Kwanza nani alichagua upande? Kwenye toss, ile ya kurusha sarafu, mlishinda au mlishindwa?

Beki_wa_Bega
Tulishinda.

Mzee_wa_Vumbi
Na nani alichagua?

Beki_wa_Bega
Kapteni ni mimi wakuu. Nilichagua tuanze na jua mgongoni ili kipa aone vizuri mwanzo, nikajiona mjanja. Upepo sikuufikiria kabisa. Kikao kingine ni Jumanne na nilikuwa nimejiandaa kumpasha kocha mbele ya watu, sasa hata sijui naanzia wapi.

Sangara_Mbichi
anzia begani 😂