Nilimuuliza kipa kuhusu goli la pili, sasa silali

MaikiMkononi:
Habari za jioni wakuu. Naripoti michezo redioni huku mkoani, mwaka wa pili sasa. Jumamosi timu ya nyumbani ilifungwa 2-1. Goli la pili lilikuja dakika ya 88, shuti jepesi lililompita kipa katikati ya miguu. Hata mimi na kitambi changu ningelidaka. Filimbi ya mwisho ikalia, nikamuwahi kwenye njia ya kwenda vyumbani, nikamuwekea maiki: "Mashabiki wanasema umeuza mechi, unawajibu nini?"

Akaanza, "Mimi..." halafu midomo ikacheza bila sauti. Akajifunika uso na glovu zake za kijani, moja imechanika kwenye kidole gumba, akaondoka. Video ni ya sekunde 19. Mhariri aliipandisha kabla sijafika ofisini. Jumapili mchana ilishaenea kwenye magrupu, imewekewa singeli. Mhariri kanipongeza.

Najitetea kwamba kujibu maswali ni sehemu ya kazi ya mchezaji. Lakini ukweli, hao "mashabiki" alikuwa mtu mmoja tu nyuma yangu jukwaani, mkeka wake wa kubeti umechanika. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kucheza.

TenisiTabata:
Hii ni kesi ya Naomi Osaka, yule mcheza tenisi wa Japani, ila wewe ndiye umeshika maiki. Mei 2021 alitangaza kwamba kwenye Roland Garros, mashindano makubwa ya tenisi ya Ufaransa, hatahudhuria mikutano na waandishi. Akashinda mechi ya kwanza, hakwenda, akapigwa faini ya dola 15,000. Wakuu wa mashindano yote manne makubwa wakamuonya kwamba akiendelea anaweza kuondolewa. Kesho yake akajitoa mwenyewe. Alisema sonona imekuwa ikimshika tangu US Open ya 2018, na kwamba hupatwa na wasiwasi mkubwa kabla ya kuongea na waandishi. Hiyo 2018 ndiyo alimfunga Serena Williams fainali, uwanja ukazomea mpaka kwenye kukabidhi kombe. Bingwa wa miaka 20, analia, kavuta kofia imfunike macho.

Mimi wakati ule nilimlaumu, nikasema analipwa mamilioni, akae ajibu. Bado naamini waandishi wana haki ya kuuliza. Ila huyo kipa wako hana dola 15,000 za kununulia ukimya.

MkekaTu:
Mnadekeza watu. Mimi nauza nyanya, nikikosea hesabu nani ananibembeleza?

Namba3Mstaafu:
MkekaTu, ukikosea hesabu ya nyanya wanakutangaza redioni?

Mleta mada, nimecheza beki ya kushoto misimu saba. Ukiniuliza "ilikuwaje lile goli" nakujibu, tumezoea. "Umeuza mechi" ni kumuita mtu mwizi huku mama yake anasikiliza. Mimi niliwahi kujifunga. Usiku huohuo namba yangu ikarushwa mtandaoni. Mmoja alitaka nimrudishie elfu tano yake ya mkeka, mwingine akataja shule anayosoma mwanangu. Nikazima simu siku nne, mke wangu akadhani nina mchepuko. Kocha aliniambia "kaza, wewe mwanaume", basi. Siku nyingine muache mtu akaoge kwanza. Dakika ishirini tu, atakuja kuongea.

DadaWaHannover:
Mdogo wangu, mimi naishi Hannover. Uwanja wa hapa uko Robert-Enke-Straße. Enke alikuwa kipa wa Hannover 96 na wa timu ya taifa ya Ujerumani. Novemba 2009 alijiua, ana miaka 32. Kesho yake mkewe, Teresa, alikaa mbele ya waandishi akaeleza kwamba mumewe alikuwa akitibiwa sonona kwa miaka na kuificha, akiogopa kupoteza mpira na binti waliyemuasili. Siku ya kumuaga, jeneza liliwekwa katikati ya uwanja, majukwaa yamejaa watu.

Simaanishi kipa wako yuko huko. Ila mtafute leo, usingoje mechi ijayo. Muulize kama analala na kama anakula. Akikwambia amechoka kuishi usimuache peke yake, nenda naye hospitali, uliza kitengo cha afya ya akili.

MaikiMkononi:
Mrejesho. Mhariri alikataa kuifuta, kisa imeleta wasikilizaji. Nikamwambia jina langu liondoke kwenye kipindi. Tukabishana mpaka jioni, akaitoa kwenye ukurasa wetu. Kwenye magrupu bado inazunguka na singeli yake.

Kipa hakupokea simu, nimepiga mara tatu. Leo nimekwenda mazoezini. Nimemkuta nyuma ya goli anashona ile glovu kwa uzi wa nailoni. Nikasema nimekuja bila maiki, na kwamba yale maneno ya mashabiki niliyakuza mimi. Akaendelea kushona kitambo. Halafu akanisogezea ndoo nikalie. Goli hatukuligusa. Aliniuliza tu kama redioni mshahara unaingia kwa wakati. Kwao huu ni mwezi wa tatu.