Mwanangu kaandika eti tumetokana na nyani. Watu wa Kigoma mnasemaje?

MwanaKibirizi: Wakuu, kijana wangu kaja na daftari la Historia. Kachora nyani anainuka kidogo kidogo mpaka anakuwa mtu kashika mkuki. Mimi Gombe naipita kwa boti kila wiki, sijaona sokwe akigeuka mtu. Hawa waliobaki wanasubiri nini?

Mzee wa Ujiji: Wanasubiri ruhusa yako 😂 Binamu yako hakukuzaa, ila babu yenu mmoja. Babu yetu na sokwe aliishi miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, ukoo ukagawanyika. Halafu nyani ana mkia, sokwe hana. Mtu wa ziwani hujui?

MwanaKibirizi: Binamu wa sokwe ni wewe na ukoo wako. Mkia nimeujua kabla hujamiliki simu.

Asali ya Sikonge: Ubishi wa nini? Mtafiti Leakey si alifukua fuvu la babu yetu Oldupai 1959?

Mama Wawili: Aliyeliona ni Mary, mumewe kalala kambini anaumwa. Na Zinja, huyo mwenye fuvu, si babu yetu, tawi lake lilikauka. Hapohapo Oldupai, zama zilezile, kulikuwa na zamadamu mwingine, habilis. Kwa hiyo ule mstari wa daftarini haupo. Ila mkisimulia wanaume, mama wa watu anapotea.

Asali ya Sikonge: Haya dada, yaishe. Nani kafukua si hoja.

Mama Wawili: Ni hoja! Hata Gombe 1960 ni mwanamke, Goodall, aliyemwona sokwe akichomeka unyasi kichuguuni, akautoa umejaa kumbikumbi, akawaokota kwa midomo. Kabla ya hapo wasomi walishika kwamba kutengeneza kifaa ni kwa binadamu tu.

Asali ya Sikonge: Kumbikumbi ana mbawa. Wale ni mchwa. Kumbikumbi wa kweli njoo Tabora.

Mzee wa Ujiji: Tabora mnawamwagia mafuta ya kupikia! Kumbikumbi ana mafuta yake.

Asali ya Sikonge: Nani kakwambia? Bibi yangu anawakaanga sufuria kavu, chumvi kidogo, kisha anapepeta mbawa kwa ungo. Usitusingizie.

MwanaKibirizi: Jamani, mtoto nimjibu nini?

Mama Wawili: Mwambie ukoo una matawi, afute ule mstari.

Mzee wa Ujiji: Na binamu zake wanakula mchwa wabichi.